Wenzako Wakikutuma Kudai Mshahara

Mwezi wa kwanza mshahara ukichelewa, watu huvumilia. Wa pili, daftari la Mangi linajaa na mwenye nyumba anaanza kupiga simu. Wa tatu, wafanyakazi wanakusanyika nje ya geti, wanaongea kwa hasira, kisha mmoja anasema, "Wewe unajua kujieleza, tusemee." Kama aliyeambiwa hivyo ni wewe, mwongozo huu ni wako. Nauandika nikiwa na hofu moja: kufikia siku hiyo ya kuchaguliwa, huenda sehemu ya madai yenu imeshapitwa na muda.

Nazungumzia Tanzania Bara na sekta binafsi. Zanzibar ina sheria zake za ajira na vyombo vyake. Mtumishi wa umma naye anatakiwa kumaliza kwanza njia za ndani ya utumishi, hadi Tume ya Utumishi wa Umma, kabla hajafikiria kwingine. Lakini wewe wa kiwandani, wa kampuni ya ulinzi, wa hotelini, wa shambani au wa ujenzi, unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, iliyoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Huendi moja kwa moja mahakamani. Kupeleka mgogoro Tume ni bure na fomu ni bure. Ukiona mtu anataka hela ya fomu, ujue umekutana na kishoka.

Siku 60

Kanuni za Tume za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 64, zinampa siku 30 anayelalamikia kuachishwa kazi, na siku 60 mwenye mgogoro mwingine wowote, wa mshahara ukiwemo. Siku hizo zinahesabiwa tangu mgogoro ulipoanza, hata kama ninyi bado mlikuwa mnavumilia. Chukua mshahara wa Januari uliopaswa kutoka tarehe 31. Kama si mwaka mrefu, siku ya sitini inaangukia tarehe 1 Aprili. Wafanyakazi waliosubiri hadi mwisho wa Aprili ili wadai miezi mitatu kwa mkupuo wanakuwa tayari wamempa wakili wa mwajiri hoja yake ya kwanza.

Waajiri wazoefu wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana mnapigwa kalenda: njooni Ijumaa, mteja wetu hajalipa, mkurugenzi yuko safarini, benki ina matatizo ya mtandao. Wala hawawatukani, wanaweza kuwapa hata chai. Mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba mazungumzo na ahadi za kulipa havisimamishi muda kuhesabika. Endeleeni kuzungumza naye kama mnaona kuna nia njema, ila mzungumze huku fomu yenu ikiwa imeshapokelewa Tume. Hakuna kinachowazuia kupatana naye baadaye na kuliondoa shauri.

Ikiwa mmeshachelewa, msikate tamaa, ila jueni mzigo umeongezeka. Mtajaza Fomu Namba 2 ya kuomba Tume ipokee shauri nje ya muda, na mtaambatanisha kiapo kinachoeleza sababu ya kuchelewa. Katika maombi ya namna hii kila siku ya kuchelewa hudaiwa maelezo, hata ikiwa moja. Kulazwa hospitali kuna cheti, msiba una tarehe, na barua iliyokwenda ofisi isiyohusika ina muhuri wa kupokelewa. "Tulikuwa tunamwamini bosi" ni maelezo dhaifu sana, na nasikitika kwamba ndiyo yanayotolewa mara nyingi zaidi.

Kama kati yenu wamo walioachishwa kazi huku wakidai mishahara, wana saa mbili zinazokimbia: ya siku 30 kwa kuachishwa na ya siku 60 kwa mshahara. Wasisubiri kundi. Walioachishwa waende mbele, wengine wafuate.

Kitu kimoja kabla hatujaendelea: msigome. Najua hasira iliyopo, na najua inavyouma kufanya kazi ya mwezi wa nne ukiwa hujalipwa wa kwanza. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu mgomo kwa mgogoro wa maslahi, yaani mnapotaka kitu ambacho bado hamna, kama nyongeza, na hata hapo ni baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa na notisi ya saa 48 kutolewa. Mshahara mlioufanyia kazi tayari ni haki yenu, na haki hudaiwa Tume. Mkifunga geti mnamwachia mwajiri aliyewakosea nafasi ya kuwafungulia mashtaka ya nidhamu, na mnabaki mnajitetea ninyi badala yake.

Mwajiri wenu anaitwa nani?

Swali linaonekana la kitoto hadi siku tuzo, yaani uamuzi wa Tume, inapotoka dhidi ya jina lisilo na mwenyewe. Kibao cha getini kinaweza kuwa jina la biashara tu. Mnaweza kuwa mnalinda jengo la benki huku mwajiri wenu ni kampuni ya ulinzi, au mnafanya kazi kwenye mradi wa mkandarasi mkubwa huku aliyewaajiri ni mkandarasi mdogo chini yake. Angalieni jina lililo kwenye mkataba, kwenye kitambulisho cha kazi, kwenye hati ya mshahara, kwenye taarifa ya benki pale palipoandikwa fedha imetoka kwa nani, na kwenye taarifa ya michango yenu ya NSSF. Kisha litafuteni jina hilo BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mjue limesajiliwa vipi. Yote hayo mnaweza kuyafanya bila wakili.

Taarifa ya NSSF ina faida nyingine. Inaonyesha tangu lini mwajiri amekutambueni na kwa mshahara gani. Mkigundua kwamba alikuwa anakata michango bila kuipeleka, ripotini kwa Mfuko wenyewe, maana una mamlaka yake ya kumdai. Msiache jambo hilo limezwe na shauri la mishahara.

Orodha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo madai mengi ya pamoja yanapokufa.

Watu wakisema "tumeshtaki wote" hudhani kundi lina haki yake, kubwa kuliko ya mtu mmoja mmoja. Ukweli ni kwamba shauri la pamoja ni madai ya mtu mmoja mmoja yaliyofungwa kwa uzi mmoja, na uzi wenyewe ni orodha. Kanuni zile za 2007 zinamruhusu mfanyakazi mmoja kusaini nyaraka kwa niaba ya wenzake, kwa masharti kwamba wamemwidhinisha na orodha ya maandishi ya waliomwidhinisha imeambatanishwa. Fomu iliyoandikwa jina lako "na wenzake 46" bila orodha ya hao 46 ina mdai mmoja, wewe. Tuzo zimefutwa Mahakama Kuu kwa kasoro ya aina hii, baada ya watu kuhudhuria Tume miezi mingi.

Kwa hiyo andikeni orodha kama watu wanaotarajia kuulizwa juu ya kila mstari. Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa sababu Mzee Kombo anayejulikana na kiwanda kizima anaweza kuwa na jina jingine kabisa kwenye mkataba. Kazi anayofanya. Tarehe aliyoanza. Mshahara kwa mwezi. Miezi anayodai. Jumla yake. Namba ya simu. Sahihi, au dole gumba kwa asiyeandika, na hapo awepo shahidi anayesaini pembeni.

Juu ya kila ukurasa, narudia, kila ukurasa, iandikwe sentensi inayosema sisi tuliosaini hapa chini tunamwidhinisha fulani kutuwakilisha katika madai ya mishahara dhidi ya kampuni fulani, pamoja na tarehe. Ukurasa wenye majina na sahihi tupu hauthibitishi kitu. Mwajiri atasema hayo ni mahudhurio ya kikao cha usalama kazini, na wewe utabaki kuapa.

Usimsainie mtu. Hata akikuomba kwa simu kutoka kijijini, hata akiwa ndugu yako. Sahihi moja ya kughushi inatosha kuchafua nyingine zote, na itakayochunguzwa kwanza ni hiyo. Aliye mbali atume karatasi yake yenye sahihi kwa basi. Anayejitoa aandike kwamba amejitoa. Wapo watakaokuja baada ya kusikia mambo yanakwenda vizuri, wakitaka kupanda njiani. Hawa hawaongezwi kwa kalamu kwenye orodha iliyokwisha kupokelewa, inabidi waombe Tume au wafungue la kwao, na siku 60 zinawahusu wao pia. Na mwenzenu akifariki, madai yake hayafi, ila familia inalazimika kupata msimamizi wa mirathi mahakamani ndipo aingie kwenye nafasi yake. Waambieni ndugu zake mapema, wakiwa bado wanakusanyika.

Anayeona ninakazia mno karatasi aikumbuke historia ya wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977. Wastaafu wake wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na hati ya makubaliano na Serikali ikasainiwa 2005. Hao walikuwa zaidi ya 31,000. Mafao yao yalitambuliwa, malipo yakaanza, na bado miaka mingi baadaye wapo walioendelea kulalamika kwamba walipunjwa au hawakulipwa. Kundi kubwa lina sauti, lakini siku ya malipo kila mtu husimama peke yake na jina lake na kumbukumbu zake.

Hesabu ya kila mmoja

Msipeleke jumla moja kubwa ya kundi zima. Mwamuzi hatawagawia. Kila mtu awe na karatasi yake ya hesabu, na hesabu ifuate kanuni ya kisheria. Jedwali la sheria ya ajira linageuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kuugawanya kwa 4.333, kisha wa wiki unagawanywa kwa saa za kawaida kupata wa saa. Anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi na kufanya saa 45 kwa wiki anapata kama shilingi 90,000 kwa wiki, sawa na shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo kila saa ya ziada anayodai ni shilingi 3,000. Kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Ongezeni na makato. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa sababu tu kitu kimevunjika au mzigo umepungua ghalani. Lazima kuwe na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au kukubali kwako kwa maandishi, na kwa hasara unayodaiwa kuisababisha upewe kwanza nafasi ya kujieleza. Makato ya hasara hayapaswi kuzidi robo ya mshahara. Walinzi wanaokatwa sare, kofia na buti kila mwaka wayaangalie makato yao kwa jicho hilo.

Kila mnachodai kiandikwe kwenye Fomu Namba 1, ile ya kupeleka mgogoro Tume. Mishahara, saa za ziada, likizo, makato, vyote. Kisichokuwemo kwenye fomu hamwezi kukidai baadaye kwa kusimama tu na kueleza, hata kikiwa cha kweli kiasi gani. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi pekee. Ninyi mlio kazini msiijaze. Nakala anapewa kwanza mwajiri, mnabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha mnaipeleka ofisi ya Tume inayohudumia eneo mlikofanyia kazi. Akikataa kupokea, andikeni tarehe, saa, jina la aliyekataa na la shahidi.

"Hatuna mkataba"

Nasikia hili kila mahali, na linasemwa kwa aibu kama kosa la mfanyakazi. Kuwapa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na sheria inasema akishindwa kuyatoa shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti mnalodai ni wake. Anapaswa pia kutunza kumbukumbu za malipo kwa miaka 5. Akisema ninyi ni vibarua au deiwaka tu, Sheria ya Taasisi za Kazi ina vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa, na kimoja kikitimia kinatosha kuanzia: mnapangiwa namna au saa za kazi, mnatumia vifaa vyake, mnamtegemea kwa kipato, au mmemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita.

Pamoja na hayo, kusanyeni kila kitu mnachoweza. Taarifa za benki na za miamala ya simu, zamu zilizobandikwa ukutani (pigeni picha kabla hazijatolewa), daftari la getini, meseji za msimamizi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini simu yenyewe yenye meseji itunzwe, maana picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp ni rahisi kupingwa. Na meseji ya bosi isemayo "nadaiwa, najua, nitawalipa" ni dhahabu. Mwandikieni kwa adabu mkimwuliza lini atalipa miezi mnayodai. Wengi hujibu bila kufikiri.

Kwenye chumba cha usuluhishi

Hatua ya kwanza Tume ni usuluhishi, na una siku 30. Kwa kawaida msuluhishi hatoi hukumu, anajaribu kuwapatanisha. Hudhuria. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua. Kwa hiyo mteueni pia msaidizi wako mwenye idhini ile ile, kwa siku ambayo utaumwa. Mnaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi: TUICO kwa viwanda na biashara, TAMICO kwa migodi na ujenzi, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TPAWU kwa mashamba. Wakili naye anaruhusiwa. Msiokuwa na uwezo tafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Chumbani humo ndimo kundi hujaribiwa. Mwajiri atakuita wewe pembeni na kukuahidi malipo yako kamili wiki hii. Atawaita watano wenye maisha magumu zaidi na kuwapa nusu, mradi wasaini karatasi isemayo "sina madai mengine." Simlaumu anayesaini akiwa na mtoto hospitalini. Lakini kubalianeni kabla ya kuingia: kiwango cha chini mtakachokubali, na kwamba hakuna ofa itakayojibiwa kabla ya kundi kuisikia. Na wewe kiongozi usikae na mwajiri peke yako hata kwa dakika tano. Hata ukitoka umeshinda, wapo watakaosema umeuza mechi, na ukishapoteza imani yao shauri limekwisha.

Mkipatana, hati iseme kiasi cha kila mtu, tarehe ya kila awamu, akaunti au namba ya simu ya kila mmoja, na kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linadaiwa papo hapo. Hati iliyosainiwa mbele ya msuluhishi ina nguvu ya kutekelezwa kama amri ya mahakama. Ahadi ya mdomo kwenye korido haina nguvu yoyote.

Mkishindwana, mnakwenda kwa mwamuzi. Huko kunatolewa ushahidi kwa kiapo, na kosa moja hugharimu watu wengi: kudhani karatasi iliyoambatanishwa kwenye fomu tayari ni ushahidi. Lazima shahidi aitoe, aieleze, na mwamuzi aipokee kuwa kielelezo. Chagueni mashahidi kutoka kila idara au kila lindo, wanaoweza kuzungumzia malipo ya wenzao wa eneo lao, na kila karatasi ya hesabu ipokelewe.

Tuzo ikitoka

Mwenye kutoridhika ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie tuzo. Zikipita kimya, ombeni utekelezaji katika mahakama hiyo hiyo, na tuzo itakaziwa kama hukumu. Hapo kinachotakiwa ni habari: akaunti ya mwajiri iko benki gani, magari yamesajiliwa kwa jina la nani, mteja gani anadaiwa na kampuni na bado hajalipa. Ninyi mnaopakia mizigo na kupokea wageni mnazijua habari hizi kuliko wakili yeyote, basi ziandikeni tangu sasa. Mkisikia kampuni inahamisha mashine au inataka kufilisiwa, wahini mahakamani, na mfilisi akiteuliwa pelekeni madai yenu kwake kwa maandishi.

Michango ya nauli na fotokopi ikusanywe na mtu mwingine, siyo wewe, na matumizi yasomwe mbele ya watu. Na fedha ya tuzo isipite mikononi mwako. Omba tangu mwanzo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti au simu ya kila aliye kwenye orodha, kisha kila mmoja asaini mbele ya jina lake kwamba amepokea, pamoja na kiasi na tarehe.